Kiangazi Ufuoni Kasanga

Sisi tukaao Izia, Sumbawanga, tukishuka wakati wa kiangazi kwenda Kasanga, ufuoni mwa Ziwa Tanganyika, twaiacha baridi ya Ufipa, twakuta joto na dagaa walioanikwa mchangani. Usiku wavuvi huwasha taa. Dagaa huufuata mwanga, wakaingia wavuni. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hupungukiwa nguvu, nao wavuvi hupumzika.

Tangu Mei hata Septemba huvuma upepo wa kusini-mashariki. Upepo huo huweza kuzamisha mitumbwi. Lakini pia husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na maji ya chini, yenye rutuba, hupanda yakawalisha samaki. Basi uletao hatari ndio uletao kitoweo. Nasi wageni tusimhimize mwenye mtumbwi. Akisema ngojeni, na tungoje.