Mkia wa Msafara

Nafasi yangu katika msafara wa baiskeli ni nyuma kabisa. Mimi ni fundi baiskeli hapa Kombani, njia panda ya kwenda Kwale mjini, na Jumapili msafara unapoelekea Msambweni hufunga pampu kwenye fremu, nikatia mkobani viraka, gundi, spana na tyubu za akiba, kisha nikangoja wa mwisho apite ndipo nami nipande. Msafara ninaoujua si ule unaopigwa picha pale mbele. Naujua kwa migongo ya watu, kwa magurudumu ya nyuma, na kwa wale wanaosalia njiani.

Kwetu Matuga baiskeli ni chombo cha kazi tangu zamani. Imebeba madafu, muhogo, makaa, madumu ya maji, hata mgonjwa kwenye keria. Mzee aliyelea watoto wake kwa baiskeli ya Black Mamba ana pumzi kuwashinda vijana wengi wenye baiskeli za gia. Lakini kuendesha peke yako, hata uwe na gunia nyuma, na kuendesha katikati ya kundi la watu ni kazi mbili mbali mbali. Mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuja Afrika, na vijana wa hapa waliyatazama kwenye simu. Waliona kundi zima likienda bega kwa bega, wakaja kibandani kwangu wakitaka kwenda vivyo hivyo. Mwendo waliuona. Miaka ambayo wale waendeshaji wametumia kujifunza kushika mstari haionekani kwenye simu.

Kinachowafanya watu wakaribiane ni upepo. Kuanzia Ukunda kwenda kusini barabara ni tambarare, na wakati wa kusi upepo hukupiga usoni na ubavu wa kushoto, upande wa bahari. Ukiwa peke yako utaanza kuhema kabla hujafika Mwabungo. Ukikaa nyuma ya mwenzako unapata ahueni, na ndani ya kundi ahueni inazidi. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Bert Blocken wa Chuo Kikuu cha Eindhoven, Uholanzi, walipima upepo katika kundi la waendeshaji 121 waliobanana. Waligundua kwamba walio katikati kuelekea nyuma hukabili kati ya asilimia 5 na 10 tu ya ukinzani wa hewa anaokabili mtu anayekwenda peke yake kwa kasi ile ile. Sisi hatubanani kiasi hicho wala hatuna kasi yao, lakini faida tunaiona. Mama mwenye baiskeli kuukuu tukimweka katikati, na wenye nguvu wakapokezana mbele, anafika Msambweni akiwa bado anazungumza.

Kaskazi ikivuma, hesabu inageuka. Kwenda unasukumwa, kurudi unalipa, tena juani. Ndiyo maana Januari watu huishiwa nguvu wakati wa kurudi, maeneo ya Gazi, nao asubuhi walikuwa wanapiga mbio.

Sasa ukaribu huo una hatari yake, nami ningeomba kila mgeni aielewe hii kabla ya kitu kingine chochote. Tazama gurudumu lako la mbele. Likishapita usawa wa gurudumu la nyuma la aliye mbele yako, hata kwa shubiri moja, maisha yako yamo mikononi mwake. Akikwepa shimo ghafla, gurudumu lake la nyuma litapiga lako la mbele. Yeye atasikia mguso mdogo na kuendelea. Wewe utaanguka, kwa sababu lililopigwa ndilo lenye usukani, na walio nyuma yako watakupanda. Basi baki nyuma yake, usiingie ubavuni. Acha nafasi ya baiskeli moja. Macho yako yawe mabegani mwake na mbele yake, si kwenye tairi lake. Na shimo usiloliona mapema, lipitie tu bila kulikwepa. Rimu iliyopinda nitakunyooshea. Mfupa wa bega uliovunjika siuwezi.

Breki nayo ina mambo yake. Wa mbele akiigusa kidogo, wa kumi anaibana, wa hamsini anasimama kabisa na kushusha mguu. Kisha wa mbele wanaondoka, na wa nyuma wanalazimika kukimbia kuziba pengo. Ni kama geti la feri pale Likoni linapofunguliwa: walio mbele wanatembea, walio nyuma wanasimama, halafu wanakimbia. Huku mkiani ndiko tunakolipia breki za wote. Kwa hiyo anayeongoza asibane ghafla, na kila mtu aseme anachotaka kufanya kabla hajakifanya.

Kusema huko ndiko kunakotuokoa. Yuko babu mmoja wa Waa, mchuuzi wa madafu, ambaye huendesha katikati na ana sauti ya muadhini. Akiona kitu hangoji. “Tuta!” “Shimo, kushoto!” “Lori nyuma, wanangu, kaeni mmoja mmoja!” Neno linapokewa mdomo kwa mdomo mpaka linanifikia. Tukikaribia Msambweni, kwenye mashamba ya miwa, ana ukelele mwingine: “Muwa!” Miwa huanguka kutoka kwenye matrela, na muwa uliopondwa na matairi ya lori huteleza vibaya kwa tairi jembamba. Vijana walikuwa wakiona kupiga kelele ni ushamba. Siku hizi nao wanapiga.

Pancha ya mtu mmoja ndiyo hunionyesha tabia ya msafara. Safari moja, mbele ya Ukunda, mwalimu mmoja, binti mdogo aliyekuja kwa mara ya kwanza, alichomwa na mwiba. Wenzake wakamwambia, “Dada, chukua boda urudi tu.” Nikawaomba wasubiri. Nikatoa tyubu, nikaijaza upepo, nikaipitisha karibu na shavu, maana shavu huhisi pumzi ya tundu kabla jicho halijaliona. Kabla ya kubandika nikapitisha vidole ndani ya tairi taratibu, na mwiba ulikuwa bado umo. Ukibandika bila kuutoa, hatua mia mbele unashuka tena. Kazi haikuchukua muda mrefu kuliko glasi ya chai. Alifika Msambweni, akala muhogo na wenzake, akarudi kwa baiskeli yake.

Msafara unaomwacha mtu kwa sababu ya mwiba ni mashindano, na wanaotaka mashindano wayaite hivyo. Wanaopanga misafara wahesabu watu wakati wa kuondoka na wahesabu tena kila kituo. Pancha ikitokea, habari ipelekwe mbele na mbele wapunguze mwendo.

Mengine ni mafupi. Kula kabla ya kuondoka, mahamri na mbaazi si chai tupu. Maji yako yatie chumvi kidogo na sukari, kwa sababu jasho la pwani haliondoki na maji pekee. Vaa kofia ngumu. Pita kushoto, na lori likija, nyote kaeni safu moja.

Ninyi madereva wa matatu na malori, mkitukuta sogeeni mbali nasi mnapopita, na honi ipigeni mkiwa bado mbali. Honi ya sikioni humshtua mtu, naye akishtuka huvuta usukani.

Na baiskeli yako ikague leo. Hewa ya chumvi hula waya wa breki kwa ndani huku nje ukiwa unang'aa. Bana mkono wa breki, tazama pale waya unapoingia: ukiona uzi mmoja umekatika na kuchomoza, waya huo umekwisha. Tazama raba, kama chuma kimeanza kugusa rimu, zibadilishwe. Kijana mmoja alishuka nazo hivyo kutoka Kwale mjini, karibu mita 400 juu ya bahari, akanifikia rimu haishikiki kwa moto.

Leteni baiskeli zenu Ijumaa jioni. Jumapili alfajiri, watu wamekwisha kujipanga barabarani, fundi hana muda wa kubadilisha waya.