MAELEZO KWA WATUMISHI WA SERIKALI NA WANANCHI: MATUMIZI YA TEPU YA GUNDI MAHALI PA WAZI

Watumishi wa Serikali katika Mikoa miwili ya Pemba, Masheha wa Shehia zote na wananchi kwa jumla wanaletewa maelezo haya kuhusu utepe wa gundi, unaojulikana zaidi kwa jina la tepu, pale unapotumiwa nje ya nyumba. Jambo lenyewe laweza kuonekana dogo. Hata hivyo, tangazo lenye tarehe ya mwisho ya kuweka pingamizi juu ya kiwanja, au linalotaja siku ya chanjo ya watoto, likianguka usiku wa pili, mwananchi hukosa haki yake bila ya kujua kwamba alikuwa nayo. Vilevile, kiungo cha waya wa umeme kilichofungwa kwa tepu isiyostahili chaweza kuondoa roho ya mtu siku ya mvua. Kwa sababu hizo imeonekana vyema jambo hili lielezwe kwa urefu.

1. Namna tepu inavyoshika

Tepu ina sehemu mbili: mgongo, ambao ni wa karatasi, plastiki au kitambaa, na gundi iliyopakwa upande mmoja. Gundi hii si sawa na ile ya seremala, ambayo hushika baada ya kukauka. Gundi ya tepu haikusudiwi kukauka. Ni kitu kilicho baina ya majimaji na kigumu. Inapobanwa hutambaa polepole na kuingia katika vishimo vidogo vya mahali ilipobandikwa. Kwa hivyo inahitaji mambo matatu: mahali pasafi, mahali pakavu na kubanwa barabara. Likikosekana moja, tepu haitadumu hata ikiwa ya bei kubwa.

Ieleweke pia kwamba tepu za mwanzo hazikukusudiwa kukaa nje. Richard Drew, mtumishi wa kampuni ya 3M huko Marekani, alitengeneza tepu ya karatasi mwaka 1925 kwa ajili ya wapakaji rangi za magari, nayo huondolewa mara rangi inapokwisha kupakwa. Mwaka 1930 alitengeneza tepu nyepesi inayopitisha nuru. Mgongo wake ulitokana na nyuzinyuzi za miti, na kwa hivyo hunywa maji. Tepu nyingi zinazopitisha nuru zinazouzwa madukani hivi sasa ni za plastiki isiyonywa maji, lakini jua huzivunjavunja.

2. Athari za jua

Kisiwa cha Pemba kipo karibu na nyuzi 5 kusini ya Ikweta. Jua hupita juu ya utosi mara mbili kila mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na katika miezi mingine pia haliendi mbali sana. Ndani ya mwanga wake mna miale isiyoonekana kwa macho ambayo hukatakata minyororo mirefu inayoiunganisha gundi na plastiki. Gundi ya asili ya mpira, iliyo katika tepu nyingi za bei nafuu, kwanza hulainika na kunata mno, kisha hugeuka rangi ya manjano, hukauka na kupukutika. Gundi ya akriliki hustahamili jua kwa muda mrefu zaidi. Tepu nyeusi nayo, ikiwa imetiwa masizi maalumu kiwandani, huzuia miale hiyo isifike ndani.

Joto lina dhara yake ya pekee. Bati lililo juani saa sita mchana haliwezi kushikwa kwa kiganja. Katika joto hilo gundi huwa laini, na kitu kilichoning'inizwa huteremka taratibu kwa uzito wake mpaka kikaanguka.

3. Mvua, unyevu na chumvi ya bahari

Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja. Wakati wa masika, baina ya Machi na Mei, na wakati wa vuli, baina ya Oktoba na Disemba, kuta nyingi hubaki na maji ndani yake hata pale zinapoonekana kavu. Tepu ikibandikwa juu ya ukuta wa namna hiyo, utando mwembamba wa maji hutenganisha gundi na ukuta. Kila mkulima anafahamu kwamba karafuu iliyofungwa kabla ya kukauka huwa mpeta, na hakuna anika ya baadaye itakayoirejeshea thamani yake. Tepu iliyobandikwa penye unyevu ni vivyo hivyo. Jua la kesho haliirekebishi.

Katika miji ya Wete na Mkoani, na katika visiwa vidogo kama vile Kojani, Fundo na Makoongwe, upepo wa bahari huleta chumvi. Chumvi hiyo hutua kila mahali, na unyevu wa hewa unapozidi asilimia 75 hunyonya maji kutoka hewani na kuyeyuka. Ndiyo sababu mlango au bati hulowa alfajiri pasipo mvua. Mahali pa namna hiyo hapana budi paoshwe kwa maji matamu na kuachwa pakauke kabla ya kubandikwa kitu.

4. Kuta za chokaa na mwendo wa upepo

Sababu kubwa ya kuanguka kwa matangazo katika majengo yetu ya zamani ni chokaa. Pitisha kidole juu ya ukuta. Kikitoka na unga mweupe, tepu itashika unga wala haitashika ukuta, na itatoka pamoja na unga huo. Hapana tepu inayofaa mahali hapo. Tumia ubao na misumari midogo.

Upepo, uwe wa kusi au wa kaskazi, hauing'oi tepu yote kwa mara moja. Huanza kuinua pembe moja, na hapo nguvu yake yote huangukia kwenye mstari mwembamba ambapo gundi inaachana na ukuta. Kwa hivyo karatasi iliyotiwa vipande vinne pembeni huanguka mapema kuliko iliyozungushiwa tepu kingo zote nne. Anayebandika na aanze na ukingo wa chini, kisha wa kando, na wa juu uwe wa mwisho, ili kila kipande cha juu kilalie cha chini. Huu ndio utaratibu wa kuezeka makuti. Maji huteremka juu ya maungio wala hayaingii ndani.

5. Umeme na maji

Tangu mwaka 2010 Pemba inapata umeme wa Gridi ya Taifa kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga. Nyumba na vibanda vilivyounganishwa vimeongezeka, na pamoja navyo viungo vya waya vilivyo nje. Inasisitizwa kwamba tepu ya karatasi, ya kitambaa au ya kufungia vifurushi si kinga ya umeme. Tepu ya umeme yenyewe, ambayo ni ya plastiki laini, haikusudiwi kubeba uzito wa waya wala kuzuia mvuto. Ikikaa juani kwa muda mrefu, mafuta yanayoilainisha hutoka, gundi hugeuka utelezi na ncha hufunguka. Kiungo cha nje kiwekwe ndani ya kisanduku kisichoingia maji, na kazi hiyo ifanywe na fundi aliyeidhinishwa. Atakayeona waya umeanguka au kiungo kimefunguka asikiguse. Awazuie watoto na akaarifu Shirika la Umeme Zanzibar.

Kwa upande wa mabomba, utepe mweupe wanaotumia mafundi hauna gundi hata kidogo. Kazi yake ni kuziba nafasi katika nyuzi za bomba kabla ya kukazwa. Kuuzungusha juu ya bomba lililopasuka hakuzuii maji. Mpasuko katika bomba la Mamlaka ya Maji Zanzibar uripotiwe kwa Mamlaka hiyo.

6. Utaratibu unaopendekezwa kwa afisi na skuli

(a) Matangazo yenye tarehe ya mwisho yabandikwe ndani ya baraza au chini ya upenu, na kila inapowezekana yawe nyuma ya kioo.

(b) Pale ambapo hapana budi kutumia tepu nje, ichaguliwe iliyoandikwa kuwa ni ya nje. Mahali pafutwe kwa kitambaa kikavu, na tepu ikandamizwe kwa kidole gumba kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

(c) Ubandikaji ufanywe baada ya umande kukauka na kabla ya jua kuwa kali.

(d) Siku ya kubandika iandikwe chini ya tangazo. Sheha au mtumishi aliyepewa kazi hiyo alitazame kila siku mpaka muda wake umalizike, na nakala moja ibaki afisini kwa ajili ya kubandikwa upya.

(e) Kabla ya kununua tepu nyingi, vipande vya aina mbalimbali vibandikwe ukutani, kimoja juani na kimoja kivulini, vitazamwe baada ya siku 7, 14 na 30, na matokeo yaandikwe.

(f) Akiba ya tepu iwekwe kabatini, mbali na dirisha. Gundi iliyobaki ukutani hulainika ikipakwa mafuta ya nazi, kisha hufutwa.

Wakuu wa afisi, Walimu Wakuu na Masheha wanaombwa kuyasoma maelezo haya mbele ya watumishi wao na katika mikutano ya Shehia. Mwananchi atakayekuta tangazo la Serikali limeanguka anaombwa aliokote na kulifikisha kwa Sheha siku hiyo hiyo, kwani huenda jirani yake bado hajalisoma.