Kwa Nini Samaki Jike Mkubwa Huzaa Kuliko Kundi la Wadogo

Mvuvi wa Timbwani, Likoni, au wa Bamburi, Kisauni, akipasua tafi jike mkubwa aliyekaribia kutaga hukuta tumbo limejaa mayai. Kwa mdogo huwa ni kidogo tu. Hilo linajulikana ufuoni. Lisilojulikana sana ni ukubwa wa tofauti yenyewe.

Samaki akirefuka maradufu, uzito wake huwa takriban mara nane, na nafasi ya mayai hupanuka vivyo hivyo. Kwa miaka mingi wataalamu walihesabu kwamba kilo kumi za samaki majike hutaga sawa, wawe wachache wakubwa au wengi wadogo. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka wa 2018, kuhusu aina 342 za samaki wa baharini, uliipinga hesabu hiyo: katika aina nyingi, jike mkubwa hutaga mayai mengi zaidi kwa kila kilo ya mwili wake. Mfano unaotajwa sana ni samaki mwekundu wa jamii ya tembo wa Ghuba ya Meksiko. Jike mmoja wa sentimita 61 hutaga sawa na majike 212 wa sentimita 42. Huyo mmoja ni mwepesi kuliko wao kwa mbali: wale 212, wakipimwa pamoja, wanapita kilo 230.

Shida iko sokoni. Mkubwa ndiye mwenye bei, na si rahisi kumwambia mvuvi amrudishe majini huku karo ya watoto inamngoja. Juya, lililopigwa marufuku mwaka wa 2001, huzoa hata samaki wachanga kwenye nyasi za bahari. Malema yenye mianya, yaliyojaribiwa katika pwani ya Kenya, humwachia mdogo atoke. Hatua hizo humpa nafasi ya kukua, lakini mama aliyekwisha kukua huzeeka tu pale pasipovuliwa. Kwa Kisauni mahali hapo pako karibu: Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyoanzishwa mwaka wa 1986. Mayai huchukuliwa na mkondo hadi nje ya mpaka, na baadhi ya samaki huvuka wenyewe. Si ajabu wategaji wa malema hupenda kutega kandokando ya mpaka huo.

Chewa ana mambo yake. Wengi wa jamii yake huanza maisha wakiwa majike, kisha wakikua hugeuka madume. Wakubwa wote wakivuliwa, madume hupungua, na mayai ya majike wanaobaki hukosa wa kuyarutubisha.