Simu za Mkononi Zilivyozipita za Mezani

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, simu zote nchini Tanzania zilikuwa mikononi mwa Shirika la Posta na Simu. Shirika lilijenga njia, likapanga bei na kuamua nani aunganishwe. Aliyetaka simu nyumbani aliomba, akaandikishwa, kisha akangoja, mara nyingi kwa miaka. Uzembe ulikuwa sehemu tu ya sababu. Kusambaza nyaya za shaba ni ghali, hazina ya serikali ilikuwa kavu, na mteja aliyecheleweshwa hakuwa na pengine pa kwenda.

Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1993 ililivunja shirika hilo. Simu zikakabidhiwa kampuni ya TTCL, na usimamizi ukapewa Tume ya Mawasiliano, ili mchezaji asiwe tena mwamuzi. Mobitel ikaanza simu za mkononi Dar es Salaam mwaka 1994, ikafuatwa na Tritel, Zantel, kisha Vodacom mwaka 2000 na Celtel mwaka 2001.

Kwa simu za mezani mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 2001 serikali iliuza asilimia 35 ya hisa za TTCL kwa ubia wa kampuni za MSI ya Uholanzi na Detecon ya Ujerumani, lakini TTCL ikaachiwa soko la simu za mezani peke yake hadi Februari 2005. Hoja ilikuwa kwamba mwekezaji aliyekingwa dhidi ya ushindani angepata nafasi ya kupanua mtandao. Haikuwa hivyo. Laini za mezani, zilizokuwa takriban 174,000 mwaka 2000, zilishuka hadi takriban 154,000 mwaka 2005. Katika kipindi hicho hicho laini za mkononi zilipanda kutoka takriban 110,000 hadi karibu milioni 3, na mwaka 2010 zikafika kama milioni 21. Kubadilisha mwenye hisa, basi, si sawa na kufungua soko.

Yupo atakayesema sifa ni za teknolojia. Ana haki kwa sehemu: mnara mmoja huhudumia maelfu bila kuchimba mitaro, na vocha ilimwezesha hata asiye na mshahara kupiga simu. Lakini minara hiyo hiyo ilikuwapo Ethiopia, ambako kampuni ya serikali ilibaki peke yake hadi Safaricom ilipoanza huduma huko mwaka 2022. Mwaka 2010 Ethiopia ilikuwa na laini za mkononi chini ya 10 kwa kila watu 100. Tanzania ilikuwa na zaidi ya 40.

Hata hivyo, wingi wa kampuni hautoshi. Mteja wa mtandao mmoja anapompigia wa mwingine, kampuni yake huilipa ile inayopokea simu. Gharama hiyo ya mwingiliano ikiwa kubwa, kupiga nje ya mtandao huwa ghali, na kampuni ndogo hukosa wateja hata ikishusha bei zake. Ndiyo maana Watanzania wengi walitembea na laini mbili au tatu, kila moja kwa ajili ya ndugu wa mtandao wake. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliyochukua nafasi ya tume mwaka 2003, ilishusha gharama hiyo hatua kwa hatua: kutoka shilingi 112 kwa dakika hadi 34.92 mwaka 2013, kisha 15.60 mwaka 2018, hadi shilingi 2 mwaka 2022.

Kilichobaki nje ya nguvu za soko ni vijiji. Mnara wa mlimani unakula dizeli ile ile na wateja wake ni wachache, hivyo hakuna kampuni inayoukimbilia. Sheria ya mwaka 2006 iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, unaochangiwa na kampuni zenyewe na kutoa ruzuku kwa zabuni kwa anayekubali kujenga mnara katika kata ambako biashara pekee isingempeleka.