Kifaranga wa Bandia: Samaki Huona Nini Kutoka Chini?

Mwanzoni mwa kiangazi, katika maziwa ya jimbo la Ontario nchini Kanada, bata jike huonekana akivuka ghuba huku vifaranga wake wakimfuata mmoja nyuma ya mwingine. Mara nyingine maji hupasuka ghafla, na msafara ulioanza na vifaranga wanane huishia na saba. Mwindaji huyo ni paiki, aitwaye kitaalamu Esox lucius, samaki mrefu mwenye kinywa kipana na bapa, na meno mengi makali.

Wavuvi wa huko wameigeuza tabia hii kuwa ufundi. Hufunga nywele na manyoya juu ya ndoana kubwa mpaka wapate kifaranga wa bandia anayeelea. Nilipokuwa masomoni huko nilifundishwa kazi hiyo na mzee mwenyeji wangu, na bata wangu wa kwanza alikuwa mzuri kwelikweli: mgongo wa manjano, mdomo, hata macho mawili. Kwa siku tatu hakuna samaki aliyemjali. Mzee alimtazama, akacheka, akaniambia kwamba nimemtengenezea mwanadamu.

Maana yake ni hii. Paiki hujificha kati ya magugu maji, macho yake yakiwa juu ya kichwa. Tunajua kwamba nuru iingiapo majini kutoka hewani hupinda. Kwa maji, pembe kikomo ni kama digrii 48.6, na kwa hiyo ulimwengu wote wa juu humfikia samaki kupitia koni ya digrii 97 hivi. Samaki aliye mita 1 chini ya uso wa maji huuona ulimwengu huo katika duara lenye kipenyo cha karibu mita 2.3. Nje ya duara hilo uso wa maji kwake ni kioo kitupu, kinachoakisi magugu na tope la chini.

Basi kifaranga aliye mbali huonekanaje? Mgongo wake hubanwa ukingoni mwa duara hata usitambulike. Kinachoonekana wazi ni sehemu iliyozama, yaani tumbo na miguu inayopiga maji. Akifika juu ya samaki, huwa kivuli cheusi mbele ya anga lenye mwanga. Manjano yangu yote yalikuwa kazi bure, na miguu sikuwa nimeweka.

Bata wa pili tulimjenga upya. Ndoana hubanwa kwenye jiliwa, kisha kishungi cha nywele za ayala, mnyama wa kaskazini afananaye na kulungu wetu, huwekwa juu yake na kuzungushiwa uzi. Nywele hizi si kama zetu: ndani zina vijumba vingi vilivyojaa hewa, ndiyo sababu huelea. Uzi ukikazwa, nywele huvunjika pale ulipobana, na ncha zake husimama pande zote kama miiba ya nungunungu. Fundi husukuma kishungi nyuma, hufunga kingine, na kuendelea hivyo mpaka ndoana ijae. Halafu huchukua wembe. Tumbo hukatwa liwe bapa na fupi, kwa sababu mbili: ncha ya ndoana isifunikwe, na uzito wa chuma uwe chini ya mwili, mahali pa mkuku wa jahazi, ili bata asipinduke. Miguu ni vipande viwili vya mpira vinavyoning'inia majini. Mkia ni manyoya laini yaitwayo marabu. Jina hilo ni la yule korongo mkubwa mwenye upara, ajazanaye kwenye majalala ya Kampala. Zamani manyoya yalikuwa yake, siku hizi hutolewa kwa bata mzinga.

Bata hapaswi kuwa mzito. Katika uvuvi huu mshipi wenyewe, ulio mnene, ndio unaorushwa na kukibeba chambo, hakuna risasi.

Hata hivyo bata wa pili naye alishindwa siku ya kwanza, na hapa ndipo palipo na fizikia ninayoipenda zaidi. Samaki ana kiungo ambacho sisi hatuna, mstari wa pembeni, unaohisi msukosuko wa maji. Maskelunji, ndugu mkubwa wa paiki, amechunguzwa katika maabara: hata asipoona, huweza kushambulia windo lililo karibu sana. Kumbe bata wangu hakuwa na mawimbi! Kitu kinachokwenda juu ya maji matulivu kwa mwendo usiobadilika, chini ya sentimita 23 hivi kwa sekunde, hakiachi mawimbi nyuma yake, kwani hakuna wimbi la maji safi liendalo polepole kuliko hapo. Mimi nilikuwa nikivuta kwa uangalifu mno.

Upande wa pili nao una mpaka. Mwendo wa wimbi kwenye maji ya kina ni kipeuo cha pili cha gλ/2π. Kwa mwili wa sentimita 10, wimbi lenye urefu sawa nao huenda karibu sentimita 40 kwa sekunde. Ukizidisha, bata huanza kupanda wimbi lake mwenyewe, pua juu. Wanafunzi wanaweza kulijaribu jambo hili kwa kizibo, uzi, saa na hodhi la maji lenye urefu wa mita 1: kizibo kikitumia zaidi ya sekunde 4 na nusu, maji nyuma yake hubaki shwari, kikitumia sekunde 3, herufi V hutokea.

Asubuhi iliyofuata nilivuta kwa mwendo wa sekunde 3. Maji yalipasuka, mshipi ukakaza, kisha ukalegea. Meno yalikuwa yameikata nailoni, na samaki akaenda zake na ndoana kinywani, jambo lililonikosesha raha kuliko kumkosa. Tangu hapo hutanguliza waya wa chuma mbele ya chambo, na kijino cha ndoana hukibana kwa koleo kilale, ili samaki aweze kufunguliwa upesi. Bata wa tatu ninaye hadi leo. Ubavu mmoja hauna nywele, na mguu umebaki mmoja.