Mlevi na Aliyelewa: Namna ya Kuchagua Neno la Sifa

Wasikilizaji na wasomaji wetu, katika maongezi haya twataka kueleza jambo moja la lugha ya Kiswahili ambalo huwatatiza wanafunzi wengi, hasa wale ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza. Huko Arash, katika Wilaya ya Ngorongoro, watoto wengi hujifunza Kimaasai kwa mama zao, ndipo hukutana na Kiswahili shuleni. Kimaasai si lugha ya Kibantu, na njia zake za kusifu mtu au kitu ni nyingine. Kwa hiyo yafaa tuzitazame njia za Kiswahili moja moja.

Kiswahili kina njia mbili kubwa za kufanya sifa kutokana na tendo. Njia ya kwanza ni kubadili mwisho wa neno. Matendo yenye vokali mbili mwishoni mara nyingi huchukua -vu: nyamaa hufanya -nyamavu, legea hufanya -legevu, na tulia hufanya -tulivu. Mengine huchukua -fu: changamka hufanya -changamfu, takata hufanya -takatifu, na haribu hufanya -haribifu. Kanuni hii ina maneno yaliyo nje yake, kama -angalifu, litokalo katika angalia. Hali kadhalika, majina ya watu hufanywa kwa -i: lewa hutoa mlevi, na iba hutoa mwizi.

Njia ya pili ni kuliacha tendo kama lilivyo na kulitia kirejeshi: aliyelewa, uliokauka, zinazopotea.

Je, njia hizi ni sawa? La, si sawa. Neno la njia ya kwanza hutaja tabia au hali ya kudumu, wala halina wakati ndani yake. Neno la njia ya pili hutaja jambo lililotokea, linalotokea au litakalotokea. Mlevi ni mtu ambaye ulevi umekuwa desturi yake. Hata asubuhi, kabla hajaonja kitu, bado huitwa mlevi. Aliyelewa aweza kuwa mtu aliyekunywa siku moja tu, arusini. Basi shahidi akisimama barazani na kusema, “Nilimwona mlevi njiani,” amemhukumu mwenziwe kwa maisha yake yote, na labda alitaka kusema habari za jioni moja tu. Ndivyo ilivyo pia kwa mwizi na aliyeiba, na kwa msahaulifu na aliyesahau.

Tazameni sasa mambo ya mifugo. Mfugaji ambaye ng'ombe wake hakurudi bomani yampasa kuandika, “Natafuta ng'ombe aliyepotea.” Akiandika “ng'ombe mpotevu,” msomaji aweza kudhani kwamba mnyama huyo ana tabia ya upotevu. Na tukisema “mbuzi mharibifu,” twamlaumu mbuzi kwa kuharibu vitu vya watu; lakini “shamba lililoharibika” ndilo lililopatwa na hasara. Huyu ni mtenda, na hilo ni lenye kutendwa. Mwenye kuyachanganya hayo humgeuza mdaiwa kuwa mdai.

Wakati nao una faida yake. “Mto mkavu” hutuambia tu kwamba hauna maji. “Mto uliokauka” hutuambia kwamba maji yalikuwako, nayo yamekwisha. “Mto unaokauka” hutuonya kwamba maji yangaliko kidogo, na yatupasa kufanya shauri mapema. Mtu apelekaye habari za malisho hana budi kuchagua katika matatu hayo, kwa maana wenziwe watahamisha mifugo kwa neno lake.

Lakini njia ya pili nayo ina upungufu. “Aliyelewa” huweza kuwa mtu aliyelewa jana, au aliye katika ulevi sasa hivi. Tukitaka kuondoa shaka, twasema “ambaye amelewa.” Na katika kukanusha, “asiyerudi” halionyeshi wakati, kwa hiyo twasema “ambaye hakurudi” au “ambaye hatarudi.”

Iko pia njia ya tatu, yenye maneno machache, nayo ni ya mwisho -e. Teua hutoa -teule, yaani aliyeteuliwa. Hata hapa matumizi yameweka mpaka: rais mteule ni yule aliyekwisha kuchaguliwa naye hajaapishwa.

Wala mwanafunzi asijitungie maneno kwa kufuata kanuni peke yake. Twasema “maziwa yaliyoganda”. Hatusemi maziwa “magandifu,” kwa kuwa wenye lugha hawakulizoea neno hilo. Likiwa neno la njia ya kwanza halimo katika kamusi wala vinywani mwa watu, tumieni kirejeshi, nanyi hamtakosea.

Basi, kabla ya kuandika, jiulizeni maswali mawili. Je, nataka kutaja tabia ya mtu, au jambo lililompata? Je, wakati wa jambo hilo wahitajiwa kujulikana? Ikiwa ni tabia, chagueni -vu, -fu au -i. Ikiwa ni tukio, chagueni kirejeshi. Na mkiwa na shaka juu ya heshima ya mtu, semeni tendo alilolitenda, msimpe jina. Wahenga walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.