Diski isivuke mlango ikingali hai

Leo niko na neno kwa wale waliosoma informatika, na pia kwa wale wa uchumi na sheria, kwa sababu nyinyi njo mtakuja kusaini makaratasi.

Siku moja nilienda soko la Kenya, hapa Lubumbashi, kutafuta diski ya okazioni kwa kompyuta ya mdogo wangu. Kijana mmoja akanionyesha moja ya terabaiti 4. "Iko ya muzuri, mukubwa. Ilitoka ku biro moya ya ku town, balifunga." Nikalipa. Nyumbani nikajaribu programu ya bure ya kurudisha faili zilizofutwa, kwa kutaka kujua tu. Haikupita saa moja nikawa na orodha ya mishahara ya kampuni nzima, picha za kadi za uchaguzi, namba za akaunti za benki, na barua za daktari juu ya wafanyakazi wawili watatu.

Nikamtafuta fundi aliyekuwa akifanya kazi pale. Jina la kampuni sitaliandika. Akanieleza vile ilivyokuwa: walikuwa na chumba cha seva kwenye ghorofa ya tatu ya jengo la kupanga, katikati ya mji. Kampuni ikahamishia data zake kwenye seva za kukodi ng'ambo, na mwenye nyumba akataka vyumba vyake mwisho wa mwezi. Wakapewa siku mbili. Diski walizipiga formati ya haraka, wakaita watu wa kubeba. Nilimwuliza diski zilikuwa ngapi. Hakujua.

Formati ya haraka ni kama kung'oa ukurasa wa yaliyomo katika kitabu. Kurasa zingine zote ziko palepale, anayetaka kusoma atasoma. Lakini kosa kubwa kwangu si hilo. Kosa ni kwamba hakuna aliyehesabu.

Na tusidhani ni mambo ya huku kwetu tu. Mwaka 2016 benki ya Morgan Stanley ya Marekani ilifunga vituo viwili vya data. Kazi ya kuondoa mashini ikapewa kampuni ya kuhamisha vitu ambayo haikuwa na ujuzi wowote wa kuharibu data. Vifaa vikapita mkono hadi mkono, vingine vikauzwa kwa mnada kwenye intaneti. Mwaka 2017 mtaalamu mmoja wa kompyuta huko Oklahoma, aliyenunua diski hizo, akawaandikia kwamba anaziona data zao. Mwaka 2020 walitozwa faini ya dola milioni 60, na mwaka 2022 nyingine ya dola milioni 35, juu ya data za wateja karibu milioni 15. Katika kazi nyingine ya kubadilisha vifaa, seva 42 hazikujulikana ziko wapi. Zilikuwa na uwezo wa kufunga data kwa siri, lakini kwa miaka mingi hakuna aliyeuwasha.

Mjini hatari inaongezeka. Jengo halina kiwanja cha kufungia vitu mwezi mzima, ngazi ni za wapangaji wote, na barabarani kila kipande kina mnunuzi. Sisi wa Lubumbashi hakuna wa kutufundisha bei ya shaba! Seva ikishafika chini kwenye gari, ulinzi umekwisha. Njo maana ninasema diski ziuawe ndani ya chumba kilekile, mlango ukiwa umefungwa.

Kwanza ni orodha. Kila diski ina namba yake ya kiwandani. Andika namba hiyo, pamoja na seva ilimotoka. Fungua kila mashini, kwa sababu seva moja inaweza kubeba diski 24 mbele na nyingine ndogo imejificha ndani. Usisahau kanda za akiba, na fotokopi za ofisi: nyingi ziko na diski pia.

Kisha kufuta. Diski za kuzunguka zinaweza kuandikwa upya kutoka mwanzo hadi mwisho. Terabaiti 4 kwa mwendo wa megabaiti 200 kwa sekunde ni saa tano na nusu, na hapo umeme usikatike. SSD ni jambo lingine. Sumaku haiifanyi kitu, na kuandika juu yake hakufiki kila sehemu, maana diski yenyewe inaficha sehemu zingine. Kwa hiyo tumia amri ya kiwanda ya kujifuta, ama isagwe vipande vidogo kabisa. Tundu moja la drili halitoshi, chipu zingine zinabaki nzima.

Njia rahisi kuliko zote inaanza siku ya kwanza ya kazi: data zifungwe kwa ufunguo wa siri tangu seva inapowashwa. Siku ya kufunga kituo unaharibu ufunguo, na yaliyobaki hayasomeki. Haigharimu karibu kitu. Sielewi kwa nini wengi wanaiacha.

Mwisho, PV. Iwe na namba zote za diski, jinsi kila moja ilivyoharibiwa, na saini za watu wawili waliokuwepo. Namba moja ikikosekana, gari lisiondoke. Ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ile ya Kode ya numeriki, inalinda data za watu. Mwanasheria wa kampuni asingoje siku ya mashtaka ndipo aifungue.

Batri za akiba zisishushwe na vijana wa barabarani. Ndani kuna asidi na risasi, na jirani wa chini ana watoto. Nyaya nazo zisichomwe uani ili kupata shaba. Moshi wa plastiki ile ni sumu.

Ile diski ya soko niliifuta mwenyewe. Umeme ulikatika mara mbili, nikaanza upya mara mbili. Mdogo wangu anaitumia sasa. Fundi yule nilimwomba awaonye wenzake wa zamani juu ya zile namba za benki. Diski zingine bado ziko sokoni.